Kiti cha Umeme Kimegoma: Kufuata Moto Kutoka Fyuzi Hadi Mota

Mteja mmoja aliingia gereji akiwa amekunjika kama aliyefungiwa ndani ya kabati, magoti yamebana usukani. Yeye ni mrefu, mke wake ni mfupi. Mke aliendesha Jumapili, akasogeza kiti mbele, na Jumatatu asubuhi kiti kikakataa kurudi.

"Fundi, hiki kiti kimekufa."

"Kimekufa chote, mkubwa, ama kimekataa kurudi nyuma tu?"

Akanyamaza, akapeleka mkono kwenye swichi. Kiti kikasonga mbele kidogo, akaguna kwa maumivu. Mgongo ukalala, ukainuka. "Ni kurudi nyuma tu," akasema.

Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na mota ya mtumba iliyofungwa kwa gazeti. Alikuwa ameambiwa mota ndiyo imeungua, akalipa. Sikuwa nimefungua hata skrubu moja, lakini nilijua karibu kwa hakika kwamba ile mota haikuhitajika. Ukishaelewa kiti kinavyofanya kazi, nawe utajua hivyo, na pesa zako zitabaki kwenye M-Pesa yako.

Kiti kinavyofanya kazi

Chini ya kiti cha umeme mna mota mbili, tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Moja husukuma kiti mbele na nyuma, nyingine hulaza mgongo, nyingine huinua ukingo wa mbele, nyingine huinua kiti kizima. Kwenye viti vya kawaida, visivyo na memori ya kukumbuka mkao wa dereva, kila mota ina waya mbili nene basi. Hakuna waya ya "mbele" na waya ya "nyuma". Ukiipa moto (umeme wa chanya kutoka betri) pini ya kwanza na ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) pini ya pili, inazunguka hivi. Ukibadilisha, inazunguka vile. Kazi ya kubadilisha ni ya swichi.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana ndipo wengi hupotelea. Swichi ikiwa imetulia, pini zote mbili za mota huwa zimeegemea ethi. Ukibonyeza mbele, pini moja huachana na ethi ikashika moto, na ile nyingine hubaki palepale kwenye ethi ili umeme upate pa kutokea. Ukibonyeza nyuma, zinabadilishana zamu.

Kwa hiyo mota inayokwenda upande mmoja imeshajitetea yenyewe. Fyuzi ni nzima, mota ni nzima, na waya zake zote mbili ni nzima, kwa sababu ni waya hizohizo zinazotumika kwenda na kurudi. Anayebaki mshukiwa ni swichi, au kitu kilichoziba njia kwenye reli ambayo kiti huteleza juu yake. Na kuna ujanja mwingine ndani yake: kiti kisichorudi nyuma kinaweza kuwa kimeharibika upande wa *mbele* wa swichi. Kontakti ya mbele (kile kipande cha shaba ndani ya swichi kinachogusanisha umeme) isipogusa ethi vizuri ikiwa imetulia, umeme wa kurudi nyuma unakosa pa kutokea. Tutalirudia hili tukifungua swichi ya yule mteja.

Vifaa

Mita ya dijitali ya kupimia umeme. Taa ya majaribio uliyotengeneza mwenyewe kwa balbu ya indiketa ya wati 21 na waya mbili. Waya mbili ndefu za kutoka kwenye betri, moja ikiwa na fyuzi ya ampea 15 au 20. Tochi, spana (Toyota nyingi hutaka namba 14, za Ulaya mara nyingi hutaka biti ya nyota), brashi ndogo na spirei ya kusafisha kontakti.

Kwa nini balbu wakati una mita? Kwa sababu mita hudanganya. Waya ya nyuzi 20 ikikatika nyuzi 19, mita itakuonyesha volti 12 bila haya, kwani yenyewe haili umeme wa maana. Mota ikija kudai ampea zake, ule uzi mmoja hauna cha kutoa. Balbu ya wati 21 inakula karibu ampea mbili. Waya mgonjwa ikikutana nayo, balbu inafifia ama haiwaki kabisa. Nimeona vijana wakibadilisha swichi mbili, tatu kwenye gari moja kwa sababu mita ilisema "moto upo".

Hatua ya kwanza: kihoji kiti kabla ya kukifungua

Bonyeza kila swichi, pande zote, halafu uandike. Dakika mbili za kazi hii zinakuokolea saa nzima ya kulala kifudifudi kwenye kapeti.

Kama hakuna kinachosonga hata kimoja, tatizo liko mahali panapotumiwa na wote: fyuzi, waya kuu ya moto, ethi, au plagi ya swichi. Mota nne haziungui asubuhi moja.

Kama kazi moja imekufa pande zote mbili na nyingine ziko sawa, angalia mota hiyo, waya zake mbili, na sehemu yake ya swichi. Upande mmoja tu, swichi au reli, kama nilivyosema. Kikienda polepole kwa pande zote, ni ethi mbovu, betri chovu, au reli zilizokauka grisi. Kikifanya kazi kikiwa nyuma lakini kikafa kikifika mbele, kuna waya iliyokatikia ndani ya ganda lake mahali inapokunjwa, na ni lazima uitafute kwa mkono. Kikisonga hatua fupifupi na kusimama, mara nyingi ni kiti cha memori kilichopoteza hesabu. Hicho kina sehemu yake chini.

Hatua ya pili: taa ya ndani

Hili silioni likifanywa na wengi na halina gharama. Ingia gizani au subiri jioni. Injini izime, taa ya ndani iwake. Bonyeza ile swichi iliyogoma, macho kwenye taa.

Taa ikififia kidogo, umeme unapita na mota inajitahidi: kuna kitu kimebana. Taa isipotikisika hata kidogo, njia ya umeme imekatika mahali. Kwa yule mteja taa haikutikisika, basi nikaacha habari ya reli.

Kama ingefifia, ningelala chini na tochi kabla ya kugusa waya yoyote. Chini ya viti vya Nairobi nimetoa sarafu za shilingi 20, kalamu, vifuniko vya soda, mswaki wa mtoto, na mara moja njugu karanga za kutosha kupima kwenye kikombe. Sarafu ikiingia kwenye reli inasimamisha kiti kama kabari. Na usiendelee kubonyeza: mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake inayokata umeme zikielemewa. Ikikata, mota inaonekana imekufa, halafu baada ya dakika kadhaa inafufuka, nawe unaanza kuamini miujiza.

Sauti nayo ina habari. Ukisikia mota inazunguka vizuri lakini kiti hakisongi, umeme hauna kosa. Gia ya plastiki imelika meno, au kebo inayopeleka mzunguko kwenye reli imechomoka.

Hatua ya tatu: fyuzi

Kwenye Toyota tafuta iliyoandikwa P/SEAT au kitu kama hicho. Mara nyingi ni ya ampea 30. Iko kwenye kisanduku cha chini ya dashibodi au kile cha ndani ya boneti. Usiitoe uiangalie kwa macho tu. Juu ya fyuzi kuna vijidoa viwili vya chuma vilivyo wazi: gusa kimoja na taa ya majaribio, waya yake nyingine ikiwa kwenye chuma safi cha gari, kisha gusa cha pili. Balbu iwake pande zote mbili. Ikiwaka upande mmoja, fyuzi imekatika. Isipowaka kokote, moto haufiki kwenye fyuzi. Washa swichi ya ufunguo ujaribu tena, maana baadhi ya magari hayatoi moto huo ufunguo ukiwa umezimwa. Za Ulaya nyingi hufuata kompyuta ya bodi, zikaruhusu kiti kwa dakika chache tu baada ya mlango kufunguliwa.

Ukikuta imekatika, weka nyingine ya ampea *zilezile*. Ikikatika papo hapo kabla hujabonyeza swichi, waya kuu ya moto imepiga shoti kwenye chuma, kwa kawaida mahali iliposagwa na reli ya kiti. Ikikatika ukibonyeza kazi moja maalum, waya za mota hiyo au mota yenyewe ndiyo yenye kosa. Kutafuta shoti bila kumaliza pakiti ya fyuzi, chomeka ile balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Itawaka kwa nguvu kwa sababu ya shoti, lakini haitaruhusu umeme wa kuchoma waya. Tikisa waya chini ya kiti, sehemu kwa sehemu. Pale unaposhika na balbu ikazima, umeshika kosa.

Anayefunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya, aegeshe gari mbali na langu.

Hatua ya nne: eabegi, kabla mkono haujaingia chini

Viti vingi vya miaka hii vina eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) ya ubavuni na mkanda wenye kikaza cha baruti, na waya zake hupita humohumo chini ya kiti kwenye plagi za njano. Kabla ya kuchomoa plagi yoyote chini ya kiti: zima ufunguo, fungua neji hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90. Mimi husubiri dakika tatu. Chai haipoi kwa dakika tatu. Ikiwa gari lina redio ya kudai nambari ya siri, itafute kabla ya kufungua betri.

Plagi ya njano usiipime kwa mita, kamwe, hasa kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa njia ya umeme). Mita yenyewe hutuma umeme kidogo. Na ukishaichomoa, usiwashe ufunguo: taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi na ibaki hapo hadi ifutwe kwa mashine. Ukihitaji umeme ili kupima, hakikisha plagi za njano zimerudishwa zote kwanza, ndipo urudishe betri.

Hatua ya tano: moto na ethi kwenye plagi ya swichi

Swichi nyingi ziko kwenye plastiki ya ubavuni mwa kiti. Vuta vitufe kwa mkono, ondoa skrubu za plastiki, ufikie plagi ya nyuma bila kutoa kiti. Tafuta waya nene: moja ni ya moto, moja ni ethi, mara nyingi nyeusi au nyeupe yenye mstari mweusi kwenye gari za Japani. Rangi zikushauri tu. Kipimo ndicho kiamue.

Unganisha balbu kati ya waya ya moto na chuma safi cha gari. Iwake kwa nguvu zote. Kisha uiunganishe kati ya betri chanya na pini ya ethi. Nayo iwake hivyohivyo. Ukipata mwanga wa mshumaa upande wowote, umepata kosa na swichi haina hatia.

Kwa kipimo cha uhakika, acha plagi ikiwa imechomekwa na pima kwa nyuma ya pini. Weka waya nyekundu ya mita kwenye pini ya ethi, nyeusi kwenye neji hasi ya betri, mwenzako abonyeze kazi inayosonga. Mita isome kidogo sana, chini ya volti 0.3. Ikisoma volti mbili, tatu, hizo zinapotelea kwenye ethi mbovu na mota inanyimwa chakula. Ethi ya kiti hufungwa kwa skrubu kwenye sakafu, chini ya kapeti, mahali maji hupenda kutulia. Mvua za Aprili 2024 zilipofurika jijini, magari mengi yaliingia maji hadi sakafuni. Kapeti ya juu ilikauka kwa jua, sponji ya chini haikukauka. Kati ya yale yaliyopita mikononi mwangu miezi iliyofuata, nilifungua plagi nyingi zenye kutu ya kijani, pini zimelika zikabaki unga. Mashine ya kuosha gari ya shinikizo kubwa, mtu akiielekeza ndani, hufanya kazi hiyohiyo bila mvua.

Pini ya kijani isafishe kwa spirei na brashi, ikishalika, badilisha. Waya iliyokatika iunganishe kwa risasi ya kuchomelea waya na uifunike kwa mpira unaojikaza ukipata joto. Kusokota na kufunga tepu nyeusi chini ya kiti kinachosonga kila siku ni kujipangia miadi na fundi.

Hatua ya sita: swichi

Moto upo, ethi ipo, kiti hakisongi. Nenda kwenye plagi ya mota iliyogoma na uichomeke mita kwenye pini zake mbili upande wa waya, mota ikiwa imechomolewa. Bonyeza mbele: mita isome karibu volti 12. Bonyeza nyuma: isome karibu volti 12 yenye alama ya kutoa. Zikikosa, swichi au waya za kati.

Kisha fungua betri, mota ikiwa bado imechomolewa, upime omu kati ya kila pini na chuma cha gari. Kwa swichi ya kawaida iliyotulia, zote mbili zikaribie sifuri. (Mota ikiwa imechomekwa, kipimo hiki hakina maana, omu za pini moja zitapita ndani ya mota na kukudanganya kuwa nyingine ni nzima.)

Kwa yule mteja, pini ya kwanza ilisoma omu 0.4. Ya pili ilirukaruka: 80, kisha maelfu, kisha 40. Ilikuwa pini ya kwenda mbele. Nikafungua swichi juu ya taulo, maana humo ndani kuna vijimpira na springi ndogo ambazo zikiruka huzioni tena. Kontakti ya shaba ilikuwa imepakwa kitu cha kahawia kinachonata kama gundi ya ugali. Nikanusa. Soda. Mtoto alikuwa amemwaga, ikapita kwenye kitufe, ikakaa juu ya kontakti ile ya mbele upande wa ethi. Ilipobonyezwa mbele iligusa moto kwa nguvu, ikafanya kazi. Ilipoachiliwa haikugusa ethi, na kurudi nyuma kukawa hakuna.

Safisha kwa spirei na kitambaa, sugua taratibu sana kwa karatasi ya msasa laini ikiwa kuna weusi wa kuungua, lakini usikwangue hadi shaba iishe. Kontakti iliyotoboka haitengenezeki. Hapo tafuta swichi, na ubebe ya zamani mkononi ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Grogan au Kariobangi, maana swichi mbili za umbo moja zinaweza kutofautiana idadi ya pini.

Hatua ya saba: mota

Volti 12 zikifika kwenye plagi, ukiwa umezipima kwa balbu, na mota haizunguki, sasa ndipo mota inashukiwa. Ilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa zile waya zenye fyuzi. Ikizunguka, rudi nyuma, ulikosea mahali. Isipozunguka, igonge polepole kwa mpini wa bisibisi huku ina umeme: ikiamka, brashi za ndani (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha, na hiyo ni mota ya kubadilisha hata kama leo imekubali.

Njia hii pia ndiyo ya kutoa kiti kilichogoma juu ya bolti zake. Bolti za nyuma hufikiwa kiti kikiwa mbele, za mbele kikiwa nyuma. Lisha mota kidogokidogo, usiifikishe mwisho wa reli ikigonga.

Mota yenye waya zaidi ya mbili ni ya memori. Umeme upewe zile mbili nene tu. Zile nyembamba ni za kihisi kinachohesabu mizunguko. Ukizipa volti 12 umenunua kazi nyingine.

Viti vya memori

Hapa swichi haibebi umeme wa mota. Inatuma ombi kwa kompyuta ndogo ya kiti, nayo ndiyo hulisha mota. Kihisi kikinyamaza, kompyuta haijui kiti kiko wapi, hivyo inakiruhusu hatua fupi kisha inakata. Usipoteze muda na balbu kwenye waya nyembamba. Tafuta mashine inayosoma moduli ya kiti, yaani hiyo kompyuta yake. Vile visomaji vya bei nafuu vya Bluetooth aghalabu husoma injini pekee. Kabla ya kulaumu kompyuta hakikisha fyuzi, ethi na plagi ni nzima, kwa sababu volti zikishuka kompyuta huandika makosa ambayo si yake.

Kwenye magari mengi, betri ikishafunguliwa kiti husahau mipaka yake. Kipeleke hadi mwisho wa kila upande, shikilia swichi sekunde chache, kisha rudisha upande wa pili, kila kazi kwa zamu.

Kurudisha

Kabla ya kufunga bolti, sogeza kiti mwisho hadi mwisho ukiwa umelala chini na tochi, uangalie waya zinavyokunjika. Iliyo karibu na reli ifunge mbali kwa kamba ya plastiki. Kaza bolti zote nne. Kiti kilicholegea ni hatari kuliko kiti kilichogoma. Kisha washa ufunguo ukiwa na macho kwenye dashibodi: taa ya eabegi iwake sekunde chache na izime. Isipozima, gari lisitoke. Zima ufunguo, fungua betri, subiri, uanze na plagi ya njano.